Fundi Sikio na Pikipiki ya Mkunga

Zamani, masikio yake yakiwa bado kazini, fundi huyu alikuwa na sifa ambazo mtu mmoja hazibebi peke yake. Wapo wanaoapa kwamba siku moja, akiwa kwa kinyozi na nusu ya kichwa imeshanyolewa, alisikia pikipiki ikikata mtaa wa tatu. Akainuka na kitambaa shingoni, akaifukuza, akamsimamisha mwenyewe na kumwambia kwamba nati ya pili ya kichwa cha injini imelegea. Ikajaribiwa kwa spana, ikazunguka kama kifuniko cha chupa. Nusu ya kichwa iliyobaki ilinyolewa wiki iliyofuata, maana kinyozi alinuna. Wengine wanasema aliwahi kumwita mpita njia, mtu wa miguu asiye na hata baiskeli, akamwambia goti lake la kushoto limeisha grisi. La goti lina chumvi ndani yake. La kinyozi lina mashahidi.

Basi wakamwita Sikio, na jina alilopewa na wazazi likaota kutu.

Gereji yake ilikuwa banda la mabati lenye sakafu iliyokunywa oili chafu miaka thelathini mpaka ikang'aa. Spana zilitundikwa ukutani kwa ukubwa, kila moja juu ya umbo lake lililochorwa kwa rangi nyeupe, ili ikikosekana hata moja ijulikane. Na palikuwa na sheria moja isiyokuwa kwenye gereji nyingine yoyote: mteja akifika, kabla ya spana kuguswa, alipaswa kusimama mbele ya fundi na kuigiza kwa mdomo wake mlio wa pikipiki yake.

"Niigizie," Sikio angesema.

Na watu waliigiza. Mwalimu mkuu aliigiza, na miwani yake puani. Mama mmoja wa makamo, mtu mzito wa kanisani, alisimama katikati ya banda akatoa "brrr, pa, pa, fyuu" mpaka mate yakamrukia fundi kwenye ndevu. Sikio hakupangusa. Alikaza macho tu, akangoja, kisha akasema: "Jeti ya kabureta imeziba," au, "Plagi yako imekufa, izike." Na ikawa hivyo. Watu walicheka, wakaona ni madaha ya bingwa, wakaenda kusimulia.

Hakuna aliyejiuliza kwa nini sheria hiyo ina umri wa miaka miwili tu.

Ukweli ni kwamba masikio yalikuwa yamehama. La kushoto lilitangulia, likazimika kama taa ya nyuma inavyoungua, mwenyewe anaendelea na safari hana habari. La kulia likafuata taratibu, likaacha uvumi tu, kama redio ya jirani iliyofunikwa blanketi, kisha hata uvumi ukaisha. Sikio hakumwambia mtu. Alijifunza upya kama mtoto. "Pa" hufumba midomo. "Fyu" huichongoa. "Tu" huonyesha ncha ya ulimi. Na injini ikiwa inanguruma, aliweka kiganja juu ya tangi, akashikilia mpini wa bisibisi kwa meno na ncha yake akaigandamiza kwenye kichwa cha injini, na mtikisiko ukapanda kwenye taya ukampa habari zote. Ubovu aliupata vilevile. Tena pengine aliupata vizuri zaidi, maana zamani alikuwa akisikia na makelele ya barabarani, sasa alibaki na injini tu.

Kilichomfanya afiche si aibu peke yake. Kulikuwa na kiapo. Miaka ya enzi yake, kifua kimejaa, alisimama mbele ya mafundi wote wa mtaa, akashika funguo za gereji zilizoning'inia mkandani, akatamka: "Siku nitakayokosea injini, funguo hizi achukue mkwe wangu, na mimi nisishike spana tena." Alikisema ili kumkejeli mkwe, kwa sababu siku hiyo aliiona iko mbali kama mwezini.

Na bila gereji, angebaki na nini? Aliishi chumba cha nyuma nyumbani kwa binti yake, na nyumbani watu huongea huku wanafanya mengine: binti anaosha vyombo amempa mgongo, wajukuu wanapiga kelele chini ya meza. Kule alikuwa kama kabati tu. Gerejini ndiko mahali pekee duniani ambapo kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alisimama mbele yake, akamtazama usoni, akafungua mdomo wake wote kwa ajili yake.

Sasa huyo mkwe. Alipokuja kuposa, miaka tisa nyuma, Sikio alikataa kuzungumza na wazee waliomsindikiza mpaka kijana afungwe kitambaa machoni na kutambua pikipiki kumi na mbili kwa mlio tu. Alitambua kumi na moja. Ya kumi na mbili akaisema ni ya magurudumu matatu. Sikio alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia mbele ya wazee wake: "Binti chukua, lakini masikio hayo umejaza pamba." Tangu siku hiyo akaitwa Pamba. Mteja akiuliza, "Fundi mwingine yupo?" Sikio angejibu, "Yupo Pamba, lakini ukitaka akusikie mpigie simu." Miaka tisa. Pamba alikuwa fundi mzuri, mikono safi, mtu wa adabu. Kila asubuhi aliinama kidogo akasema, "Shikamoo, baba," na kila asubuhi akameza.

Siri ilivujia jikoni. Jioni moja binti alikuwa anaosha sufuria, baba yake amekaa nyuma yake kwenye kigoda. Binti akauliza bila kugeuka, "Baba, hivi siku hizi umekuwa kiziwi?"

"Eeh," Sikio akajibu kwa furaha, akikisia kutokana na kisogo kilichotikisika kwamba ameulizwa habari za chakula. "Nimeshiba kabisa."

Binti akageuka, akamwangalia, akarudi kwenye sufuria yake. Akamwambia mumewe, akidhani anamwambia mtu atakayehuzunika naye.

Pamba hakuwa na haraka. Siku ya kwanza aliangusha rimu ya chuma nyuma ya mzee. Fundi wa pancha aliyekuwa kivulini nje aliruka. Mzee aliendelea kusugua plagi. Siku ya pili alimtukana kwa sauti ya kawaida akiwa mgongoni kwake, tusi la wastani. Siku ya tatu alimtukana la daraja la juu, lile ambalo mtu humwambia baba mkwe akiwa tayari kuhama nchi. Mzee aligeuka akamwomba tambara. Pamba akampa kwa mikono miwili.

Ikafika asubuhi ya mkunga.

Mkunga wa zahanati alikuwa mwanamke mnene, mfupi, mwenye maneno makali, na pikipiki yake ilijulikana kwa kwenda wanakoihitaji wazazi, iwe mvua iwe tope. Siku hiyo iliingia gerejini ikikohoa. Ikiwa imesimama ilitetemeka kama inayotaka kulia. Akifunga mafuta, ekzosi ilipasua mshindo wa bunduki. Kuku waliokuwa njiani walikwisha kutawanyika. Alikuwa anatoka zamu, na barakoa ya kazini ilikuwa bado usoni, imemfunika kuanzia puani hadi kidevuni.

"Inanitia aibu hii," alisema akishuka. "Jana nimefika kwa mjamzito, ikapiga mzinga mlangoni, uchungu ukaanza palepale. Mume anasema nimemzalisha mkewe kwa baruti."

Watu walicheka: fundi wa pancha, wateja wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi, na Pamba. Sikio aliona mabega yao yakicheza, akacheka na yeye, kwa kuchelewa kidogo. Akasimama mbele ya mkunga.

"Niigizie."

Mkunga aliigiza. Sikio aliona kitambaa cha buluu kikivimba na kunywea, kikivimba na kunywea. Hakuna midomo. Hakuna ulimi. Jasho lilimtoka chini ya kofia.

"Rudia," akasema. "Kwa nguvu."

Mkunga alirudia kwa nguvu, mpaka mbwa wa ng'ambo akabweka. Kitambaa kikavimba zaidi.

Hapo ndipo Pamba alipokuja akasimama ubavuni mwa mkunga, uso kwa uso na mzee, mikono nyuma, heshima imejaa tele. Akafungua midomo, akaumba vizuri maneno mojamoja, kama anayesomea darasa: "Baba, anasema inapiga chafya kwenye kabureta."

Ila hakutoa sauti. Hata pumzi. Midomo ilicheza tu.

Fundi wa pancha aliyekuwa anapaka gundi akaacha brashi hewani.

"Kwenye kabureta?" Sikio akauliza, uso umemfunguka kwa nafuu. "Ikiwa ya moto au baridi?"

Pamba akaumba midomo: "Zote mbili. Nafikiri ni valvu, baba. Zimebana."

"Wewe na valvu zako," Sikio akasema kwa sauti kubwa, akiwageukia watu. "Mnamsikia? Kila ugonjwa kwake ni valvu. Siku akiumwa jino atafungua kichwa cha injini."

Hakuna aliyecheka. Wateja wa kwenye benchi walitazamana. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Huyu kijana kasema nini?" Mwenzake akajibu, "Hajasema kitu." Kisha wote wawili wakaelewa kwa pamoja, na wakasogea mbele ya benchi, kama watu waliopata viti vizuri.

Mkunga alimtazama Pamba, akamtazama mzee. Macho yake juu ya barakoa yalikuwa yanafanya hesabu. Pamba akajiwekea kidole midomoni, taratibu.

Sikio hakuona, alikuwa amekwisha kuinama. Lazima isemwe wazi, maana baadaye wengi walijaribu kuisahau: kazi aliyoifanya asubuhi ile ilikuwa kazi ya mtu anayejua. Kwanza alifungua tangi akanusa. Petroli safi, haina maji, haijachanganywa mafuta ya taa. Akatoa plagi akaigeuzageuza juani: nyeupe, kavu, kama jino la mtoto.

"Plagi nyeupe," akasema. "Injini inakula hewa kuliko mafuta. Ingekuwa imelowa na nyeusi ningekubaliana na huyu." Akairudisha plagi, akapiga kiki, pikipiki ikawaka ikitetemeka. Akapitisha kiganja karibu na shingo ya ekzosi, pale inapokutana na silinda, akitafuta upepo wa moto unaovuja. Hakuna. Masizi hakuna. "Ekzosi inasingiziwa. Yenyewe ni mdomo tu, inatapika ilicholishwa."

Akauma bisibisi. Akafumba macho. Mkono wa kushoto tangini, taya juu ya mpini, na kwa muda ule alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote waliokuwepo.

Alipofumbua, Pamba alikuwa ameinama mbele yake. Midomo ikasema, bila sauti: "Chafya, baba. Umeisikia chafya?"

Sikio akatoa bisibisi mdomoni. "Hakuna chafya hapa," akasema. "Umesikia vibaya, mkwe wangu. Miaka tisa bado unasikia vibaya."

Hapo fundi wa pancha alishindwa. Alijifunika uso kwa mpira wa tyubu na mabega yakamtikisika. Huyu naye alikuwa na yake: Sikio alizoea kuwaambia wateja kwamba mtu anayefanya kazi ya kuziba matundu huanza na yaliyo kichwani mwake. Wateja wa kwenye benchi walikuwa wamebana pua. Mpita njia mmoja akasimama, kisha wa pili, maana watu wanaobana kicheko huvuta watu kuliko moto.

Sikio aliona nyuso zimemgeukia, nyingi kuliko kawaida, zote zimejaa jambo. Akadhani wanamshangilia. Akaongeza madoido.

Akachukua kopo la maji, akachovya vidole, akawa anadondosha matone kwenye mpira mfupi unaounganisha kabureta na silinda, tone moja moja, akizunguka kutoka juu kwenda chini. Juu, hakuna kitu. Ubavuni, hakuna kitu. Chini, mahali jicho halifiki, tone lilipogusa, tangi chini ya kiganja chake likatulia. Kutetemeka kukakoma kwa pumzi moja, mbili, kisha maji yakanyonywa na homa ikarudi.

"Hapa," akasema polepole. "Mpira umepasuka kwa chini. Unaiba hewa. Ukifunga mafuta, yanayobaki hayaungui ndani, yanaenda kuungulia kwenye ekzosi. Huo ndio mzinga wenu. Mama mkunga, hukumzalisha mtu kwa baruti, umemzalisha kwa mpira."

Akazima, akafungua kabureta, akauchomoa mpira ule na kuukunja mbele ya watu. Ufa ulifunguka kama mdomo wa samaki. Ni Pamba pekee ambaye hakuinama kuuangalia; alikuwa ameusikia tangu mkunga alipoingia. Sikio akachukua mpira mwingine kutoka kwenye boksi la vipuri, akaufunga, akakaza vibano, akapiga kiki. Pikipiki ikawaka, ikatulia, ikapumua sawasawa. Akavuta mafuta, akaachia. Hakuna mshindo. Akavuta tena, akaachia. Kimya safi.

Kwa kiapo chake, alikuwa ameshinda. Na mtu aliyeshinda huwa haridhiki na ushindi mpaka auhutubie.

Akaondoa mkono kwenye tangi, akafuta vidole kwa tambara, akawageukia watu na kuipa pikipiki mgongo. Pamba, aliyekuwa ameshika usukani, akazungusha ufunguo. Injini ikazimika.

"Sikilizeni," Sikio akasema, kidole juu. "Nyamazeni muisikilize. Mnasikia inavyoimba?"

Hapo hata nzi walisikika.

"Haikatikati. Haina kikohozi." Alifumba macho, akatikisa kichwa taratibu kufuata mwendo wa injini iliyolala. "Wengine wanafungua vyuma vyote wakitafuta ubovu. Mimi nasikiliza. Tu-tu-tu-tu. Msikilizeni huyo bibi. Angeweza kwenda hivi mpaka mafuta ya dunia yaishe."

Alipofumbua macho, fundi wa pancha alikuwa amelala chini. Mmoja wa wateja alikuwa anafuta machozi kwa shati la mwenzake. Midomo yote ilikuwa wazi, meno yote nje, na Sikio, aliyesoma midomo miaka miwili, hakupata hata neno moja ndani yake.

Mkunga akashusha barakoa. Akamsogelea mpaka akamzibia wengine wote, akasema, akiumba kila neno kama anavyomwambia mzazi asukume: "Imezimwa, mzee. Imezimwa tangu ulipogeuka."

Sikio akageuka. Akaweka kiganja kwenye tangi. Akakiacha pale muda mrefu, kama mtu anayepima homa ya maiti.

"Ubovu nimeupata," akasema hatimaye. Sauti yake, asiyoisikia, ilitoka kubwa mno. "Kiapo kilikuwa cha ubovu."

Pamba alizunguka akasimama mbele yake. Safari hii alitumia sauti, ili watu wasikie. Kwa mzee haikuwa na tofauti. "Baba, ulisema siku utakayokosea injini. Hukutaja ubovu. Injini imezimwa, wewe umesema inaimba. Tumwulize mtu mzima mwenzako." Akamgeukia fundi wa pancha. "Hilo ni kosa au si kosa?"

Fundi wa pancha alikuwa amekaa, anakung'uta vumbi. Alimtazama mzee na, kwa dakika ile, alikuwa na nafasi ya kuwa mtu mwema. "Ni kosa," akasema. "Kubwa."

Mkunga alipanda pikipiki yake. "Nyinyi watu mna roho," alimwambia Pamba. "Kama ningekuwa na muda ningewaambia roho gani." Lakini alikuwa na mwanamke wa mimba ya mapacha kilomita saba kutoka pale, naye hakuwa na muda. Akaondoka. Pikipiki ilishuka mteremko wote bila kupasua hata mara moja, na kila mtu aliisikia isipokuwa aliyeitengeneza.

Sikio alihangaika na fundo la mkandani. Vidole vilivyofungua valvu zisizohesabika vilishindwa na kamba. Pamba alisubiri, hakumsaidia. Funguo zilipotoka, alizipokea kwa mikono miwili, ameinama kidogo, kama inavyompasa mtu anayepokea kitu kwa mkubwa wake.

"Ahsante, baba," akasema.

Hakumfukuza. Hilo alilisema mwenyewe kwa watu, ili ajulikane ni mtu wa namna gani. Jina la Sikio lilikuwa bado linaleta wateja kutoka mbali, na halikuhitaji masikio kufanya kazi hiyo. Kesho yake akamwekea kiti mlangoni, juani kidogo, kivulini kidogo. "Wakuone," alimwambia.

Na walimwona. Kufikia saa nne habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima. Walikuja watu wasio hata na pikipiki. Walisimama mbele yake, wakaumba midomo bila sauti, "Mzee, ng'ombe wangu anapiga mizinga, tatizo nini?" na mara mbili za kwanza alijibu, kwa kirefu, kuhusu pikipiki, maana neno ng'ombe hakuliona vizuri kwenye midomo ile, mpaka alipoona nyuma yao watu wakishikana mikono kwa kicheko. Kufikia mchana alikuwa amejifunza jambo jipya. Hakutazama tena midomo. Alitazama juu ya bega la anayezungumza, aone nani anacheka nyuma.

Alasiri akaja mtu mzima, mgeni, nguo zimejaa vumbi la safari. Alikuwa amesukuma pikipiki yake tangu mji wa pili, kwa kuwa aliambiwa kuna fundi mmoja tu wa kumpelekea. Aliisimamisha, akavua kofia, akasimama mbele ya kiti na kumsalimu. Hakuna aliyekuwa nyuma yake. Kisha, kwa sababu walimwambia ndiyo sheria ya gereji ile, akavuta pumzi akaigiza: injini inavyowaka, inavyokata kwenye kilima, inavyopiga ikifungwa mafuta. Aliigiza vizuri sana, kwa uso wote, hakuacha kitu. Yeyote mwenye macho angejua ni tapeti, vyuma vinavyosukuma valvu.

Sikio alichungulia kulia kwa mgeni, akachungulia kushoto. Barabara ilikuwa tupu. Akaamua kwamba wamejificha.

"Nenda kamchezee mama yako," akasema.

Mgeni alisimama na kofia mkononi. Akatazama huku na huku kama mtu aliyekosea nyumba. Kisha akaushika usukani, akaisukuma pikipiki kupita kwenye miguu ya mzee, akaingia ndani, ambako Pamba alikuwa tayari amevuta benchi karibu, ametega kichwa, anamngoja aanze.